Mtu wa A.I.

Siku hizi ukitaja A.I. vijana wanaelewa kivingine kabisa. Wanadhani unazungumzia ile akili ya kompyuta inayoandika barua na kuchora picha. Sisi wa Sosiot tulikuwa na A.I. yetu kitambo, na ilikuja kwa pikipiki. Ilikuwa na mtungi wa chuma uliofungwa nyuma kwa mipira ya tyubu, gambuti zenye matope ya boma la mtu mwingine, na glavu ya plastiki inayofika begani. Ng'ombe wako akiingia joto, ulimpigia simu mtu wa A.I., naye akaja kumpandisha kwa mbegu ya fahali ambaye hutamwona maisha yako yote. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumwelezea. Jina analo, na wanaomjua watamjua. Mimi nilimwita Daktari kama kila mtu, ingawa mwenyewe alikuwa akikataa. Alisema daktari ni mtu aliyesomea ng'ombe mzima, yeye amesomea upande mmoja tu.

Mimi nina duka la chakula cha mifugo pale sokoni, na nyuma ya duka nina boma dogo lenye ng'ombe mmoja, mwaka mzuri wawili. Watu wa marehemu mume wangu walitoka Nyeri wakaja kufanya biashara Chepseon, kisha sisi tukasogea huku. Tumekaa mpaka watoto wangu wakigombana wanagombana kwa Kipsigis. Daktari alikuwa mteja wangu na jirani yangu, na hakuna aliyenitania kumshinda. Mimi nikisema "rori imereta unga", yeye anashika tumbo kwa kicheko. Naye akisema amemnunulia mtoto "pisikeli", namwambia ahakikishe ina breki, maana hiyo hatujawahi kuiona hapa. Tulikuwa tunatoshana.

Alikuwa na lugha tatu na hakuzichanganya. Sisi watu alitusemesha Kiswahili, tena kwa haraka, kama mtu anayengojwa kwingine. Barua za ofisini aliandika kwa Kiingereza. Kipsigis chake kizuri, kile cha polepole, aliwawekea ng'ombe. Alikuwa akisimama kando ya ng'ombe, mkono mgongoni, anamnong'oneza mpaka mnyama anashusha masikio, na hapo ndipo anavaa glavu. Wakati huo nilikuwa na ng'ombe aliyeitwa Katibu, kwa sababu hakuna jambo lililopita bila yeye kulitolea sauti. Katibu alikuwa akimpiga teke kila mtu, nikiwemo mimi niliyemlisha, lakini Daktari akinong'ona alisimama wima akacheua. Nilimwuliza anamwambia nini. Akanijibu kwamba ng'ombe wa watu amesemeshwa Kikuyu wiki nzima, anahitaji kupumzika.

Kwa watu uvumilivu huo aliusahau nyumbani. Salamu yake kwenye simu ilikuwa moja tu: "Umeona saa ngapi?" Hakuuliza habari ya watoto wala ya mvua. Wafugaji wenzangu wanajua sababu. Joto la ng'ombe halikai. Ukiona dalili asubuhi, apandishwe jioni. Ukiona jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Ukichelewa, yule ng'ombe ametulia, na unangoja wiki tatu nyingine ukimlisha bure. Basi Daktari aliishi kwa saa. Alikuwa mkali kwa mtu aliyemwita akiwa amechelewa, hata awe mzee wa kanisa. Swali lile lilimzoea hadi likamtoka mahali pasipo pake. Shemeji yake alipokuja kumwambia mama mkwe amewasili, alimwuliza ameona saa ngapi, na watoto wa shule wakamwiga mwaka mzima.

Alikuwa na shamba la majani chai, lakini hakulipenda. Alisema chai haikuangalii ukiingia. Kwa hiyo shamba lilikuwa la mke wake, mwalimu wa chekechea ambaye sote tulimwita Mwalimu, mwanamke mpole anayeongea kidogo na kuona yote. Daktari alionja mursik, yale maziwa ya kulazwa kibuyuni, kila boma alilofika, akiwa amesimama mlangoni kwa sababu hakuingia nyumba ya mtu na gambuti. Akina mama walijua kwamba akiomba kibuyu mara ya pili, hayo maziwa yamelala vizuri. Mimi nilijaribu kutengeneza yangu mara moja. Alionja, akarudisha kibuyu, akasema haya ni maziwa yaliyopata ajali.

Na ajali ya kweli ndiyo iliyomleta kwenye mchezo wa simu. Aliteleza na pikipiki kwenye barabara ya murram ya mlimani, msimu wa mvua, akavunjika mguu. Mtungi haukupata hata mkwaruzo kwa sababu aliukumbatia wakati wa kuanguka. Alikaa nyumbani na plasta, mguu juu ya kiti, akiwa hajawahi kukaa. Mwalimu alikuwa shuleni, watoto bweni, na yeye peke yake na simu. Siku moja anatazama habari, tangazo la mchezo likamtokea, akabonyeza. Aliniambia baadaye kwamba alitaka tu kuona ni kitu gani.

Ulikuwa mchezo wa vita wa mtandaoni. Watu wanne wanaunda kikosi, wanatupwa kisiwani na vikosi vingine vingi, wanatafuta bunduki na kupigana mpaka kibaki kikosi kimoja. Mnacheza mkisikizana kwa vipaza sauti. Wenzake walikuwa msusi wa kike wa Mwanza, mwendesha boda wa Bungoma, na mtu mmoja ambaye hawakujua anakaa wapi, hakusema neno, alikohoa tu. Walikutana kila jioni saa kumi, msusi akifunga saluni. Wakampa Daktari ukamanda kwa sababu ya ule utulivu wake. Niliwahi kumsikia akiwaongoza, nikastaajabu. Aliwanong'oneza kama anavyowanong'oneza ng'ombe. "Tulia. Ngoja. Bado. Sasa."

Nasema haya ili usidhani alikuwa mpumbavu. Alikuwa amelala na mguu juu, watu wanakuja kumwona wiki ya kwanza na ya pili hawaji, na huko ndani ya simu kuna watu watatu wasioanza mpaka afike. Mimi mjane ninayefunga duka na kula peke yangu naelewa kabisa utamu wa mtu kukungoja.

Plasta ikatoka, mguu ukapona, lakini mchezo haukutoka. Mwanzoni tulicheka. Alikuwa akija kukaa kwenye benchi la duka langu alasiri, anasema anangoja gari la gesi ya mtungi wake, na ghafla anapaza sauti kwamba wako nyuma ya nyumba. Mteja wangu mmoja alitoka mbio kuangalia nyuma ya nyumba. Kisha kicheko kikaanza kupungua. Vidole gumba vyake vilicheza hata simu ikiwa mfukoni. Chakula kilipoa mbele yake. Mwalimu akimwita, alijibu "nakuja" kwa sauti nzuri kabisa, ya mtu anayekuja, na hakuja. Mwalimu aliniambia kwamba alikuwa ameacha kumchukia kwa kutokuja. Kilichomuumiza ni ile sauti nzuri.

Halafu akaanza kutukatia simu. Ukimpigia mtu akiwa ndani ya mchezo, simu yako inamfunika kioo, na hapo adui anampiga risasi. Kwa hiyo alikata. Mtu aliyewagombeza wazee wa kanisa kwa kuchelewa, sasa unampigia saa kumi na ng'ombe wako anapiga kelele zizini, inakatwa. Unapiga tena, inakatwa. Akikupigia baadaye, ndiye anayekuuliza umeona saa ngapi.

Sasa niseme habari ya mtungi, kwa sababu ndipo jambo lilipoharibika. Mbegu hukaa kwenye mirija myembamba ndani ya mtungi, na mtungi hujazwa gesi ya baridi kali. Hiyo gesi hupungua yenyewe, taratibu, hata usipoufungua. Gari la kuijaza lilipita Sosiot siku za Alhamisi alasiri, likasimama kando ya barabara, wenye mitungi wakajaza, likaondoka. Daktari alikuwa akilingoja kwenye benchi langu. Lilikuja akiwa kisiwani. Nilikuwa ndani napimia watu pumba, sikuona. Lilikuja tena Alhamisi iliyofuata, na tena alikuwa palepale, hatua chache tu kutoka barabarani, akiwanong'oneza wenzake watulie. Alikuwa pia ameacha kupima kiwango cha gesi kwa kile kijiti chake. Kwa hiyo mbegu zikafa zote ndani ya mtungi, naye akaendelea kupandisha ng'ombe wetu kwa mbegu mfu.

Ng'ombe wakaanza kurudia. Ndivyo tunavyosema ng'ombe asiposhika mimba, joto linarudi baada ya wiki tatu. Akarudia wa jirani, akarudia wa mwalimu mkuu, akarudia Katibu, tena kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Watu wakamwuliza Daktari. Yeye akatazama chini, akasema ng'ombe wamekosa madini, wapewe chumvi.

Anayeuza chumvi ya ng'ombe Sosiot ni mimi. Waliinunua yote mpaka nikaagiza nyingine. Katibu wangu nilimpa chumvi hadi akawa analamba ukuta. Na aliporudia tena, na wa wenzangu wakarudia tena, watu wakaanza kunitazama. Mama mmoja niliyesali naye miaka mingi aliniambia mbele ya wateja kwamba mimi na Daktari tumewala pamoja. Hasira iliyonishika sitaisahau. Sisi watu wa kuja tunaishi mahali kwa jina letu, likichafuka hatuna ukoo wa kutusafishia. Nilimwendea Daktari, nikamwuliza kama ana hakika na hiyo chumvi. Akasema ana hakika. Alikuwa anasema na mimi na vidole vinacheza.

Hapo ndipo ulipotangazwa mkutano. Naibu wa chifu alisimama kanisani Jumapili, akasema Jumanne ukumbini kutakuwa na mkutano wa A.I., mgeni anatoka Nairobi, kila mtu afike bila kukosa. Alisoma alivyoandikiwa. Vijana walielewa lao, na sisi tukaelewa letu. Tulishukuru Mungu kwamba kilio cha ng'ombe wetu kimefika mbali namna hiyo. Jumanne ukumbi ulijaa wafugaji, wengine wamekuja na kadi za ng'ombe, na Daktari akapewa kiti cha mbele kama mhusika. Vijana wenye shughuli yao walikuwa nyuma kabisa, wamekosa pa kukaa.

Mgeni alikuwa binti mdogo, mchangamfu, mwenye kompyuta na kitambaa cheupe cha kurushia picha. Alifurahi kuona wazee wengi hivyo. Akaanza kwa kusema A.I. haiko mbali, itafika kila nyumba. Mtu akasema kwa chini kwamba ilikuwa inafika. Akasema A.I. inafanya kazi mchana na usiku, haichoki. Wanawake wakaangaliana na kuziba midomo kwa leso. Akaomba maswali. Akasimama mzee mmoja mwenye shamba jirani na langu, mtu wa heshima, kofia mkononi.

"Binti yangu, tunashukuru," alisema. "Hii A.I. yenu, kwangu imerudia mara tatu. Shita ni nini?"

Binti alitafakari. Alidhani mzee ana kompyuta inayompa jibu moja tena na tena. Akamjibu kwa adabu kwamba ikiwa inarudia, basi mara nyingi tatizo ni kile kilichowekwa ndani tangu mwanzo.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama wakisema ndiyo, ndiyo, kilichowekwa ndani. Binti akatabasamu, hajui amegusa nini. Na macho yote yakamwelekea Daktari kwenye kiti chake cha mbele.

Angeweza kukana. Angeweza kucheka na kueleza kwamba mgeni amekuja kwa habari ya kompyuta, mkutano ungeishia kwa kicheko na yeye angerudi kwenye pikipiki yake. Naye ndiye mtu pekee mle ndani, ukiacha wale vijana, aliyejua tangu mwanzo ni A.I. gani. Alisimama. Alikuwa na simu mkononi.

"Si A.I.," alisema. "Na si chumvi, mama wa duka hana kosa. Ni mimi. Mtungi ulikauka nikiwa nacheza na simu. Nilijua tangu ng'ombe wa kwanza aliporudia, na sikuwaambia."

Binti alikuwa ameinamisha kichwa akijaribu kuelewa mtungi umeingiaje. Kisha bibi mmoja, kogo wa watu wengi mle ndani, akauliza ni mchezo gani huo wa kumshinda mtu mzima. Daktari akashuka akampelekea simu, akapiga magoti kando yake, akamwonyesha. Kogo alitazama muda mrefu, miwani puani. Akauliza kama hawa anawaua kweli. Daktari akasema ndiyo. Akauliza kama kesho wanakuwepo tena. Daktari akasema ndiyo, wanarudi wote.

"Kumbe hata hao wanarudia," kogo akasema, akamrudishia simu.

Watu walicheka hadi wakatoa machozi, na Daktari akacheka nao, halafu machozi yake yakawa ya kweli. Mimi nilikuwa bado na hasira, lakini jina langu lilikuwa limesafishwa mbele ya ukumbi mzima na mtu ambaye hakulazimishwa, na hilo nililipokea. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote alizonichekesha.

Mtu akisimama akasema kosa lake, tunadhani kazi imeisha. Haikuwa imeisha. Simu ile kubwa alimkabidhi Mwalimu, yeye mwenyewe akanunua kabambe, ile ya vibonyezo na tochi, isiyojua mchezo wowote. Alijaza mtungi, akaleta mirija mipya, akapita boma kwa boma kurudia kazi bila kudai kitu. Wengine walimfungulia. Wengine walikuwa wameshamtafuta mtu mwingine kutoka upande wa mjini, wakamwambia hivyo langoni, na Daktari akageuza pikipiki. Yule mzee wa kofia alikuwa mmoja wao. Lilimuuma, na alisema limemuuma.

Lakini kila jioni saa kumi ilifika, gambuti zako ziwe safi au chafu. Wenzake wako kisiwani wanamngoja. Alikuja dukani, uso umekauka, akaniambia, "Mama Shiro, nipe kitu cha kufanya na hii mikono." Asubuhi nilikuwa nimemkamua Katibu mara moja, na jioni ilikuwa bado. Nikamwonyesha ndoo.

Mtu aliyeishi kwa ng'ombe hakujua kukamua vizuri. Alisema yeye ni wa upande mwingine. Wiki ile ya kwanza Katibu alikasirika akashikilia maziwa, nikapata kikombe pale ninapopata galoni, nikamwambia Daktari kwamba kwanza ameninyima ndama na sasa ananinyima maziwa. Aliendelea kuja. Alikamua kwa vidole gumba vilevile, kichwa kimelalia ubavu wa ng'ombe, akinong'ona. Sikuwahi kumwuliza kama alikuwa anamnong'oneza Katibu au kikosi chake. Siku nyingine hakusema lolote kwangu, alimaliza, akaosha ndoo, akaenda. Siku nyingine alikuwa mkali, akanigombeza kwa sababu ya kamba, na nikamwacha. Mwalimu aliniambia nyumbani ni hivyohivyo, lakini sasa akiitwa anakuja, hata kama anakuja amenuna.

Usidhani alinyooka moja kwa moja. Kuna jioni hakutokea. Mwalimu alikuja dukani akitazama huku na huku, na simu kubwa haikuwepo kabatini. Tulimpata kwenye shamba lao la chai, lile asilolipenda, amechuchumaa katikati ya mistari. Kilichomfichua ni sauti. Tulisikia tulia, ngoja, bado. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema maneno makali, na ninayo ya kutosha. Alipoinua uso, niliyaacha. Mtu mzima mwenye mvi amejificha kwenye majani chai na mke wake anamtazama, utamwambia nini tena. Mwalimu alimnyooshea mkono amwinue. Daktari akaomba nafasi kidogo, si ya kucheza, ya kuaga.

Tulimsikiliza akiaga. Alisema yeye ni mtu wa ng'ombe, na ng'ombe wameharibika kwa sababu yake, kwa hiyo hatakuwepo tena. Yule wa Bungoma alitania kwamba kikosi kitakufa. Msusi wa Mwanza alisema, "Kaka, sisi tulikuwa tunakupenda, nenda salama." Yule mtu wa kukohoa akakohoa, kisha kwa mara ya kwanza akasema neno. Alisema asante. Daktari akafuta mchezo pale pale, Mwalimu akitazama kidole. Kisha akakaa chini kwenye matope akalia, na hatukumcheka, kwa sababu wale walikuwa rafiki zake kweli.

Katibu alishika mimba msimu ule. Wa mwalimu mkuu pia, na wengine. Mwaka uliofuata Mwalimu alihamishiwa shule ya upande wa Kipkelion, wakafunga virago. Pikipiki ilitangulia mbele ya lori la mizigo, mtungi nyuma, na watoto wa shule wakaikimbilia wakimwuliza ameona saa ngapi. Mtu mpya wa A.I. ni kijana mzuri, msafi, ana programu ya kuandikisha ng'ombe. Ninamwita, anakuja. Katibu alimpiga teke.

Nilikutana na Daktari mwaka huu. Nilikuwa nimeenda Kipkelion kutafuta pumba ya mahindi kwa bei nafuu, nikaingia mkahawa karibu na stesheni ya zamani, naye yuko ndani, gambuti ameziacha mlangoni, anakula chapati akiwa na soksi tu miguuni. Amenenepa kidogo. Tulisalimiana mpaka watu wakageuka. Akaniuliza kama bado ninauza unga unaoretwa na rori.

Kisha nikaona simu kando ya sahani yake. Kubwa, ya kioo, mpya. Alinieleza kabla sijauliza kwamba siku hizi wafugaji wanamtumia video za ng'ombe wakiwa kwenye joto, asipokuwa nayo wanahamia kwa mwingine. Nikasema sawa, nikamwuliza habari za watoto. Akajibu. Nikamwuliza habari za mguu, akajibu. Simu ikatetemeka mezani, na nadhani macho yangu yalikwenda kwenye kidole gumba chake, kwa sababu alikiweka juu ya meza wazi ili nikione vizuri.

"Kila mtu ananiuliza habari ya mguu," alisema. "Uliza ile nyingine."

Nikamwuliza. Akasema bado anataka. Inapofika saa kumi anataka, kama mtu anayetaka sigara, na ameacha kungoja siku ambayo hatataka. Akasema Jumamosi iliyopita walikuwa matangani kwa jamaa za Mwalimu, shemeji yake akawa na ule mchezo kwenye simu, akamwomba. Alicheza. Hakunificha kwamba ulikuwa mtamu. Jioni wakiwa njiani kurudi nyumbani, Mwalimu hajui lolote na asingejua kamwe, alimwambia.

Nilimwuliza kwa nini alisema, ikiwa hakuna aliyemwona. Akakunja kipande cha chapati, akakichovya, akasema ule mwaka wa mtungi hakuharibiwa na mchezo tu, aliharibiwa na ule uongo wa chumvi. Angenyamaza Jumamosi, Jumatatu angeenda kwa shemeji mwenyewe kutafuta sababu ya kukaa acheze tena.

"Na Jumatatu?" nikamwuliza.

"Jumatatu," alisema Daktari, akinyanyuka kutafuta gambuti zake, maana simu ilikuwa inatetemeka tena, "Jumatatu nilikuwa na ng'ombe za watu."